Huyu Atamrudisha Nani?

Juzi mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi kama nilivyokuwa mimi, alinionyesha kwenye simu yake jedwali la rangi. Kijani ni kituo kinachofanya vizuri, nyekundu ni kituo kinachofanya vibaya. Kituo chake kilikuwa chekundu, naye amenuna kama mtu aliyetukanwa kanisani. “Cucu,” akaniambia, “kompyuta imesema sisi hatufanyi kazi.” Nilicheka mpaka nikatafuta leso. Kisha nikaona afadhali niwaandikie nyote mnaoingia kazini sasa na viatu vyeupe, kabla jedwali halijawavunja moyo au, vibaya zaidi, halijawasifu.

Nilistaafu nikiwa metroni. Nilizaliwa Muthara, kule Tigania, nikasomea kazi Meru mjini, na miaka ya tisini ikanikuta Embu kwenye ofisi ya mkoa, nikisimamia wodi za kina mama kuanzia huko kwetu hadi nyanda kavu za Mbeere. Mkitaka kujua kazi ya msimamizi ni nini, ni kuonyeshwa maua. Kila kituo nilichofika walinizungusha kwanza bustanini. Mawe yamepakwa chokaa, waridi limemwagiliwa asubuhi hiyo hiyo, na ndani mama anaomba maji ya kunywa hayapo.

Bahati yangu nilifundishwa na Sista mmoja mzee pale Meru, mkali kama pilipili, aliyeniambia nikiwa bado mwanafunzi: “Kagwiria, ukifika mahali usiangalie maua. Angalia sabuni. Sabuni mpya kila siku ni sabuni ya wageni. Sabuni iliyobaki kijipande, hapo kuna mtu anafanya kazi.” Nimetumia kipimo hicho maisha yangu yote na hakijanidanganya. Hakihitaji umeme.

Sasa, habari ya tuzo. Kabla kompyuta haijaja, mambo yalikuwa rahisi. Kila mwaka kamati ilikaa ikauliza ni kituo gani kimefiwa na wagonjwa wachache, na hicho kikapewa kombe. Vituo vilikuwa vingi lakini nitawaambia habari za viwili tu, na sitavitaja majina, wenyewe wanajijua. Kimoja nitakiita Kituo cha Juu, maana kilikuwa upande wa mlima, kwenye chai na kahawa, lami hadi mlangoni. Kingine ni Kituo cha Chini, kule kwenye ndengu na mbuzi, ambako ukishuka garini watu hungoja kwanza ujipanguse vumbi ndipo wakusalimie, kwa sababu hawajui wewe ni nani.

Kombe lilikaa Kituo cha Juu hadi likaota kutu. Mkuu wa pale alikuwa afisa wa tiba aliyeitwa Bwana Nyaga, mtu wa adabu, suruali imenyooshwa, chai ya maziwa na mandazi tayari hata ukija bila kutangaza. Ujuzi wake wa kushinda ulijulikana na kila dereva. Mgonjwa akionyesha dalili za kutaka kufa, aliandikiwa rufaa. Akapakiwa kwenye gari lolote lililokuwa likielekea hospitali kuu, hata la kabichi, akafie kwenye hesabu za watu wengine.

“Metroni,” aliniambia siku moja akinimiminia chai, “sisi hapa hatupendi kifo kabisa.”

Nilimjibu kwamba hata mimi sijakutana na anayekipenda. Mandazi yalikuwa mazuri, lazima niseme.

Kituo cha Chini kilikuwa na Sista Ciarunji. Mrefu, mkavu wa maneno, mkunga wa kweli. Hakuwa ameolewa na hakujaaliwa mtoto. Yeye hakuwa na pa kuwasukumia wagonjwa wake, kwa sababu hakuwa na gari la kuwasukuma nalo. Mama akizidiwa alibebwa kwa machela hadi barabarani, wakangoja lori la makaa lipite. Wengine walingoja hadi wakawa hawana haja tena ya kungoja. Kila mwaka kituo chake kilikuwa cha mwisho, na kombe halikumshughulisha hata kidogo. Kila nilipofika aliniomba kitu kimoja tu, gari la wagonjwa, na kila mara niliandika ombi lake, na kila mara ofisini niliambiwa kwamba kituo kinachofanya vibaya namna ile hakistahili kuongezewa vifaa.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wanangu, na kamati yetu ilikuwa imeshiba mandazi.

Basi wakaja wafadhili. Walikuja na kompyuta, na kompyuta ikapewa chumba ambacho mpaka siku hiyo kilikuwa cha kuhifadhia chanjo. Chanjo zikahamia korido. Kompyuta ikawekewa feni, pazia, na kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono, kile mama zetu huweka juu ya redio. Ulivua viatu mlangoni. Karani aliyepewa kuiwasha aliomba kwanza, na sikumlaumu, maana umeme wa siku zile ulihitaji maombi. Madereva waliiita Mganga wa Umeme.

Pamoja na kompyuta alikuja kijana wetu wa Imenti, Daktari Mutwiri. Alikuwa daktari wa hesabu. Kina mama walimwonyesha watoto wenye kikohozi na yeye akaona haya kuwaambia hawezi kuwapa hata dawa ya kichwa. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza katika ofisi ile kusema hadharani kwamba kombe letu lilikuwa upuuzi.

Alitueleza kwa mfano wa ndizi. “Mkulima wa Mitunguu ako na maji ya mfereji,” alisema mbele ya kamati. “Akivuna mkungu mkubwa, hiyo ni kawaida. Mkulima wa kule Mbeere akivuna mkungu nusu ya huo, huyo ndiye fundi. Sasa nyinyi mmekuwa mkipima mikungu bila kuuliza shamba iko wapi.” Kompyuta yake, alisema, ingeangalia kila mama aliyefika kituoni: umri wake, ametoka mbali kiasi gani, ana damu ya kutosha, hii ni mimba yake ya ngapi. Kutokana na hayo ingetabiri ni taabu kiasi gani kituo kingetarajiwa kupata. Kisha tungelinganisha utabiri na yaliyotokea. Kituo kilichofanya vizuri kuliko kilivyotabiriwa ndicho kishinde.

Nilitaka kusimama nipige vigelegele. Na sikilizeni, bado naamini alisema kweli. Msije mkamaliza kusoma hapa mkaenda kusema Kagwiria anacheka kompyuta. Mimi nawacheka watu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mfanyabiashara wa mbao na mzee wa kanisa, aliyewekwa kuongoza mambo ya afya kwa sababu ambazo sikuwahi kuambiwa. Alisikiliza yote akiwa amefumba macho.

“Hii kompyuta inaweza kutuonyesha kituo bora?” akauliza.

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

“Na inaweza kukosea?”

“Ikilishwa vibaya, itakosea.”

“Basi ilishwe vizuri,” akasema, akaagiza chai.

Wafadhili wakatangaza kwamba mwaka ule zawadi isingekuwa kombe. Ingekuwa gari jipya la wagonjwa. Nililala nikimwona Sista Ciarunji amekaa mbele, mkono nje ya dirisha.

Matokeo yakaja. Kituo cha Juu kilikuwa cha kwanza. Kituo cha Chini kilikuwa cha mwisho, na safari hii kwa aibu kubwa kuliko zamani. Zamani ungeweza kusema kule chini kuna taabu. Sasa Mganga wa Umeme alikuwa amewaangalia wale kina mama na kutangaza kwamba ni kina mama wa kawaida tu, wasio na hatari yoyote ya pekee, na kwa hivyo wanaokufa hawana sababu ya kufa. Kwa lugha ya adabu, kompyuta ilisema Sista anawaua.

Mwenyekiti alifumbua macho yote mawili. Gari liende Juu, akasema, liegeshwe kando ya waridi. Chumba cha kujifungulia cha kule Chini kifungwe, na huyo Sista ahamishwe mahali ambapo hatadhuru mtu. Bwana Nyaga, aliyekuwa ameitwa kushuhudia ushindi wake, alitikisa kichwa kwa huzuni nzuri sana.

Mutwiri peke yake hakufurahi. Aliomba apewe muda kabla ya sherehe. Akanifuata korido, kati ya majokofu ya chanjo. “Metroni, kuna kitu hapa inanikataa. Ati kule chini karibu kila mama anatarajia mtoto wa pili. Mama wa miaka arobaini, mtoto wa pili. Twende tuone.”

Tulishuka naye. Benchi la kliniki lilikuwa limejaa. Mutwiri akaomba aulize maswali ya kadi mwenyewe, na wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kijani, amestarehe kama yuko kwake.

“Mama, una watoto wangapi?”

“Wako.”

“Ni wangapi?”

“Ni wale Mungu alitupatia.”

“Ndiyo, lakini ukiwahesabu ni—”

“Kijana, kwenu munahesabu watu kama mbuzi?” Akawageukia wenzake. “Na sisi hata mbuzi hatuhesabu.”

Benchi zima likaguna. Mutwiri akarudi nyuma kama aliyekanyaga moto. Nami nikatazama chini, kwa sababu hata kwetu Tigania nyanya yangu asingekuambia ana wajukuu wangapi. Ukiwahesabu watoto umewaonyesha kwa yule anayechukua roho. Kule Juu, kwa walimu na makarani, swali lilijibiwa bila shida, wamezoea fomu. Kule Chini lilikuwa tusi.

Mutwiri akachukua kadi. Mahali pa kuandika mimba ya ngapi palikuwa patupu. Akafunua nyingine, tupu. “Sista, mbona hujaandika hapa?”

“Hajasema,” akajibu Sista Ciarunji. “Mimi siandiki kitu chenye mama hajasema.”

Nikamwona kijana wa watu akishika paji la uso. Kompyuta haipendi pengo, alinieleza. Ikikuta pengo hulijaza kwa jibu lililo la kawaida, na jibu la kawaida katika mkoa mzima lilikuwa mtoto wa pili. Mtoto wa pili, kwa mkunga yeyote, ni raha. Njia imeshafunguka na tumbo halijachoka. Lakini tumbo lililobeba wengi likishazaa halijikazi, na damu haikomi. Kompyuta ilikuwa imewatwaa kina mama waliochoka kuliko wote mkoani na kuwapa matumbo ya wasichana wa lami.

“Sasa wewe unajuaje ni nani wa hatari?” akauliza Mutwiri.

Sista alimwita yule mama wa kitambaa cha kijani, akaweka kiganja tumboni pake, akamuuliza kwa sauti ya kirafiki ambayo sikuwahi kuisikia kwake: “Na huyu, atamrudisha nani?”

Uso wa mama ukafunguka. “Akiwa kijana, ni ndugu ya mzee wangu, ule anamfuata. Akiwa msichana ni dada yangu, ule mkubwa.”

“Haya. Wewe utakuja kukaa na mimi hapa mwezi ikiisha. Usizalie nyumbani.”

Nyinyi watoto wa mjini mnaoitwa majina ya wachezaji mpira, nisikilizeni. Kule Embu na Mbeere majina yana foleni. Mvulana wa kwanza humrudisha baba yake mume, wa pili baba yake mke. Wasichana vivyo hivyo, nyanya wa upande wa mume kwanza, kisha wa upande wa mke. Nyanya na babu wakiisha ndipo wanaingia ndugu na dada za mume, halafu wa mke, kwa kufuatana. Mama akikuambia tumbo hili ni la dada yake, amekuambia wote waliotangulia wamekwisha kuja. Hajahesabu mtu, na wewe umejua. Hata mtoto aliyekufa, ambaye mama hatamtaja mbele yako, alichukua nafasi yake kwenye foleni.

Na mjue jambo jingine. Kwa watu wale, mtu hurudi duniani kwa jina. Asiye na mtoto hana mjukuu wa kumrudisha, na akifa amekwisha. Sista Ciarunji aliuliza swali lile siku kutwa, mwaka baada ya mwaka, na sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza yeye.

Mutwiri alikaa kwenye benchi, katikati ya kina mama. “Sista, hiyo ni namba.”

“Hiyo si namba. Ni jina.”

“Ni namba, imevaa jina.” Akaanza kucheka peke yake. “Hata kwetu Imenti ni hivyo, mimi mwenyewe ni wa ndugu ya baba. Nimetembea na namba yangu tangu nizaliwe, nikaenda ng'ambo kutafuta zingine.” Sista naye akamwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayeweza kufaa. Miaka yote alikuwa na jibu na hakujua kwamba kuna mashine inalitaka. Yeye Mutwiri alikuwa na mashine na hakujua jibu liko wapi. Siku ile tulikula muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, nyumbani kwa Sista mpaka tukasahau wakati.

Kadi zikabadilishwa. Swali likawa: Huyu atamrudisha nani? Mutwiri akaifundisha kompyuta foleni, karani akaomba, umeme ukakubali. Kina mama wa Chini wakapata matumbo yao halisi, na utabiri ukapanda juu kama moto wa kichaka. Ikaonekana kwamba kwa mzigo ule, Sista alipaswa kufiwa na wengi kuliko waliomfia, tena bila gari. Kituo cha Chini kikawa cha kwanza.

Bwana Nyaga hakulala. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amesifiwa miaka. Wiki ile ile kadi za Kituo cha Juu zikaanza kuleta ukoo mzima. Mwalimu mmoja msichana, mimba ya kwanza, ndoa bado mpya, aliandikiwa kwamba anamrudisha shemeji wa binamu ya babu. Mutwiri alipouliza, Nyaga alimwambia kwa upole, “Daktari, huku kwetu watu wanaheshimu sana familia.” Lakini kwenye ukurasa huo huo kliniki ilikuwa imemwandikia yule mwalimu somo la mimba ya kwanza, kwa hivyo heshima yake haikufika mbali.

Mwenyekiti alikabidhi gari akiwa na ufunguo wa kadibodi wenye urefu wa mtoto wa shule. Alihutubia juu ya sayansi. Safari ya kwanza ya gari la wagonjwa ilikuwa kurudisha viti vya sherehe, kreti za soda na nusu ya kwaya. Sista alisimama mlangoni akiwa ameshika ufunguo wa kweli, wa chuma, na hakuuachilia hata alipoombwa apige nao picha.

Natamani niwaambie mambo yakaishia hapo. Mwaka uliofuata, vifo Kituo cha Chini viliongezeka.

Hamhitaji digrii kuelewa sababu. Zamani mama aliyetokwa damu bondeni alifia bondeni, akazikwa bondeni, na hakuna karani aliyesumbuka. Sasa gari lilikwenda kumchukua. Wengi walipona, walikuwa wengi kweli, niliwaona kwa macho yangu wakirudi na vibuyu vya uji kumshukuru Sista. Lakini wengine walifika wakiwa wameshakwenda nusu ya njia, na hao wakafia mahali penye kadi. Kompyuta ilijua mama ni wa mimba ya ngapi. Haikujua amefikishwa akiwa katika hali gani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria kuiambia.

“Walipewa gari, wakaongeza vifo,” alisema Mwenyekiti. “Hiyo gari irudi.” Mutwiri alieleza hadi sauti ikamkauka. Akaomba swali moja zaidi kwenye kadi, kwamba mama alifika akiwa vipi. Akaambiwa kamati haiwezi kubadilisha maswali kila wakati mtu wake akishindwa. Tukaondoka Embu magari mawili, la kamati na la dereva wa kurudisha gari la wagonjwa, na Mwenyekiti amevaa suti ya kahawia kwa ajili ya kazi hiyo.

Gari halikuwepo. Lilikuwa limeenda kumchukua mtu. Tukawekewa viti chini ya paa la kliniki, na Sista akatuletea uji, akasema tungoje. Hakubembeleza na hakulia. Alisimama anatazama barabara, na mimi kwa hasira nikaweka kikombe changu cha uji chini.

Likaja, vumbi juu. Ndani kulikuwa na mama aliyejifungulia nyumbani tangu asubuhi, kondo la nyuma halijatoka, damu inakwenda. Kitoto cha kike kimefungwa kwenye leso. Sista aliingia nyuma kabla gari halijasimama vizuri. Akatafuta mshipa, akaweka dripu, akapiga magoti juu ya machela kukandamiza lile tumbo kwa mikono miwili. “Embu! Sasa hivi!” Akanirushia mtoto. Mimi nikakaa mbele naye. Chupa ya dripu ikabaki haina wa kuishika, maana chuma chake kilikuwa kimevunjika zamani kwenye mabonde.

“Wewe wa suti,” akasema Sista. “Panda. Shika hii, inua juu.”

Sidhani alikuwa anamwona kama Mwenyekiti. Alimwona kama mkono. Na yule mzee, nampa haki yake, alipanda.

Nilisikia yote kutoka mbele. Barabara inaturusha, Sista anamzungumzisha mama asilale, na mazungumzo aliyokuwa nayo ni yale yale. “Niambie, huyu msichana anamrudisha nani?” Mama akajibu kwa sauti nyembamba kama uzi. Huyu ni wa wifi yangu mdogo. Na kabla yake? Wifi mkubwa. Na kabla? Mama yangu. Akawataja mmoja mmoja, wavulana na wasichana, akirudi nyuma hadi nyanya wa kwanza, na kila jina lilikuwa kama anakanyaga jiwe kuvuka mto.

“Sista,” ikasikika sauti ya Mwenyekiti, “mkono imechoka.”

“Ukishusha, damu yake itapanda kwa mpira. Inua.”

Halafu, kwa mshangao wa mtu aliyeona kitu kwa mara ya kwanza: “Kumbe huyu mama ako na wengi hivi? Ngoja, mmoja, wawili—”

“Usihesabu, Mheshimiwa! Inua chupa tu.”

Akainua. Tulifika Embu mama akiwa bado anataja majina. Aliishi. Mwenyekiti alishuka, suti ya kahawia imelowa damu hadi magotini, mkono bado uko juu kama aliyesahau kuuteremsha. Alikaa kwenye ngazi za hospitali muda mrefu. Habari ya kurudisha gari sikuisikia tena, na kwenye kikao kilichofuata alisema tu jambo lile limekaguliwa mahali pake. Mutwiri akapata swali lake.

Swali hilo lilianza kuhesabiwa mwaka uliofuata tu, kwa hivyo mwaka ule Kituo cha Chini kiliandikwa cha pili kutoka mwisho. Sista alipewa saa ya ukutani, haina betri.

Yule mama alirudi kliniki na mtoto. Mimi nilikuwepo. Sista akachukua kadi aandike jina, akaanza kuandika la wifi mdogo, kama ilivyokuwa zamu.

“Hapana,” akasema mama. “Andika Ciarunji.”

Sista akasimamisha kalamu. “Umeruka foleni. Wifi yako atasema nini?”

“Wifi atangoja wa kesho.”

Aliandika. Sikuweza kuona uso wake, alikuwa ameinamia kadi kupita kiasi.

Baada ya hapo nikapandishwa cheo, nikashinda ofisini na makaratasi, mpaka siku Mutwiri aliponiita kwenye chumba cha kompyuta. Nikavua viatu. Alikuwa amekasirika. “Metroni, modeli ya utabiri imeharibika. Kule chini swali letu halifanyi kazi tena. Mama wa mimba ya kwanza, mama wa mimba ya mwisho, ukiuliza akiwa msichana atamrudisha nani, wote jibu ni moja. Angalia.” Nikaangalia. Ciarunji. Ciarunji. Ciarunji. Kioo kizima. Nilimwona Mutwiri akitazama nami, na hasira ikimwisha polepole, hadi akatoa miwani akaifuta bila sababu.

Tulishuka kumwambia, kwa kuwa swali ilibidi libadilishwe. Tulimkuta kwenye karai akiosha mikono baada ya kuzalisha. Mutwiri akamweleza kitaalamu, kwa heshima, kwamba foleni imevurugika, kwamba jina moja limeingia mahali pa mengi na sasa haiwezekani kujua nani ni wa ngapi.

“Kwa hivyo hiyo kompyuta imeharibika juu yangu?”

“Juu yako, Sista.”

Akatugeuzia mgongo, akaendelea kuosha mikono ambayo ilikuwa imeshatakata. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujificha. Sabuni mkononi mwake ilikuwa kijipande chembamba, imebaki kidogo tu iishe.

“Basi mutafute swali ingine,” akasema bila kugeuka. “Hiyo ni yangu sasa.”